Chanjo Iliyofunikwa Blanketi

Siku ya kwanza kazini sikupewa sindano, nilipewa kasha la barafu. Daktari wa Mifugo wa Wilaya pale Sumbawanga akaniambia, "Shule yako ndogo, lakini hili likipata joto tumekwisha wote." Nikalibeba kwa baiskeli, kupitia Kaengesa mpaka bondeni. Breki za baiskeli ile zilikuwa viatu vyangu, lakini hayo tuyaache.

Chanjo ya sotoka, ule ugonjwa uliofagia ng'ombe, ni kirusi kilicholegezwa nguvu, kikakuzwa ndani ya seli, chembe za mwili zisizoonekana kwa macho. Mwanzoni seli zilitoka kwenye figo za ndama, kila mara ndama mwingine. Kirusi kiko hai, ila joto hukiua.

Miaka ile soko huria linaingia, wafugaji wa Kisukuma walishajaa kwetu. Jioni moja, kabla ya kushuka bondeni, nililaza kasha huku juu Kaengesa kwa Mama Kulwa, mjane aliyelea wanawe kwa ng'ombe, na sotoka imeshasikika jirani. Nikamwomba alitunze vizuri, mna kitu hai. Asubuhi nakuta barafu imemwagwa, chupa zimefunikwa blanketi kando ya jiko.

"Si umesema kiko hai?" akanijibu. "Baridi hii ya Ufipa sisi wenyewe inatuua."

Daktari hakufoka. Alisema tu chanjo imekufa na nyingine iko mbali. Sotoka ikafika kwanza, ikamwachia mama yule mtamba mmoja, jike ambaye hajazaa bado.

Miaka ikapita, ikaja chanjo mpya inayovumilia joto la njiani. Daktari akanieleza seli zake zilitoka kwa tumbili mmoja wa zamani, zikafugwa kwenye chupa, zikaendelea kuzaana. Ukoo mmoja, ndama hachinjwi tena. Tumbili, huyu mwizi wa mahindi yetu! Nilicheka mpaka akakasirika.

Nikaipeleka kwa Mama Kulwa. Aliponiona akauliza, "Leo nimtandikie wapi mgeni wako?" Nikamsimulia habari za tumbili.

Sasa nimestaafu, niko Katandala, na sotoka haipo tena duniani. Vijana wa duka la dawa za mifugo huniambia kuna viwanda vinakuza seli kama zile kwenye matangi makubwa, wakidhani nitashangaa. Mimi namkumbuka Mama Kulwa siku ile nilipomsimulia ukoo wa tumbili, hakucheka hata kidogo.

"Wote hawa ni uzao wa mtamba yule mmoja," akasema, akafungua zizi, nalo limejaa.