Mwaka wa Kombe, Baba Aliponyang'anywa Watu

Kombe lenyewe hatukulileta Bariadi. Nalisema mapema ili asiwepo wa kunisubiri hadi mwisho kwa matumaini ya bure. Raundi iliyofuata mechi nitakayoisimulia, vijana wetu walisafiri mbali, wakafungwa mabao ambayo mpaka leo sipendi kuyataja mbele ya watu wa mkoa mwingine. Mashindano yenyewe yalikuwa ya mtoano, ukifungwa unafungasha. Lakini ukimwuliza mtu wa rika langu pale mjini kuhusu mwaka wa kombe, hatakwambia tulitolewa na nani. Atakwambia habari za baba yangu, na atacheka, na mimi nitakasirika kidogo kisha nitacheka naye.

Tulikuwa bado mkoa wa Shinyanga wakati huo, na pamba ilikuwa imeachiwa soko huria. Chama cha ushirika kilikuwa hakijafa, ila kilikuwa kinakohoa. Kila njia panda ulikuta mnunuzi binafsi na mizani yake chini ya turubai, huyu anagawa kofia, yule anagawa khanga, wote wanawabembeleza wakulima waliokuwa wamezoea kufokewa. Mmoja wao, mwenyeji wa Nkololo aliyerudi na gari na tumbo, aliona kofia hazitoshi. Akaichukua timu ya vijana wa jineri, kile kiwanda cha kuchambua pamba, akasema ataigharamia. Akaleta marobota ya mitumba, humo tukachagua fulana za kijani zinazokaribiana rangi. Nasema tukachagua kwa sababu mimi ndiye niliyezishonea namba. Nilikuwa na cherehani yangu kwenye baraza moja pale sokoni, na mdomo wangu ulikuwa unajulikana kuliko cherehani.

Golikipa alikuwa kaka yangu. Nilimtafutia fulana ya njano ya mikono mirefu, nikampa namba moja kubwa mgongoni, ili hata asiyetaka kumwona amwone. Asiyetaka kumwona alikuwa mmoja tu, baba yetu mzazi.

Baba alikuwa manju wa ngoma, upande wa Wagalu. Mgeni ambaye hajui ngoma zetu nimweleze. Ukishavunwa mtama na pamba ikishauzwa, vyama viwili vya ngoma, Wagalu na Wagika, hukutana uwanja mmoja, siku moja, saa moja, kila upande unacheza ya kwake. Jaji hakuna. Miguu ya watazamaji ndiyo inayoamua. Wakihama kwako wakaenda kwa mwenzako, umeshindwa, na manju aliyeachwa na watu habishani. Anaweka chini alichoshika, anavuka uwanja, anamwamkia mshindi, hata kama mshindi ni mdogo kwake. Basi manju hufanya kila hila watu wasimhame. Baba yeye hila yake ilikuwa majembe. Vijana wake walikuwa wanayarusha juu yakizunguka, wanayadaka kwa mpini bila kuvunja mdundo wa ngoma, na yeye katikati yao anaimba maneno ya kuwachoma wapinzani. Kaka yangu alianza kudaka jembe kabla hajaanza shule. Baba alimwandaa yeye ndiye amrithi.

Kisha kijana akaonja mpira. Msimu mmoja, siku ya pambano kubwa na Wagika, kaka alikuwa kijiji cha Zagayu amesimama golini. Baba akabaki bila mdakaji wake mkuu, majembe mawili yakaanguka chini mbele ya watu, watu wakahama. Jioni ile baba alivuka uwanja kumwamkia manju wa Wagika, mtu aliyekuwa akimdharau tangu ujana. Aliporudi nyumbani hakugomba. Heri angegomba. Aliacha tu kuitikia salamu ya mwanawe.

Usidhani ni jambo dogo. Kwetu salamu ndiyo mtu. Kaka akitoka nje asubuhi anasema, "Mwangaluka, baba," na baba anaangalia ng'ombe. Jioni anasema "Mwadila," baba anaangalia paa. Wakikaa kula, baba anamwambia mama, mwambie mwanao ng'ombe wa madoa anachechemea. Kaka yupo hapo hapo, mkono umo kwenye ugali. Mama naye, mtu wa utani, anageuka anamtafsiria, baba yako anasema ng'ombe wa madoa anachechemea, kana kwamba mmoja wao ametoka Ulaya. Mwanzoni tulicheka. Mwaka ulipozunguka na wa pili ukaanza, hata mama aliacha utani.

Ndipo kaka alipokuja barazani kwangu na kitambaa kigumu cha turubai, akaomba nimshonee begi. Nikamwuliza la nini. Akasema kombe likiisha anahamia Lamadi kwa mjomba, kwenye biashara ya samaki, na harudi. Akasema amechoka kuishi kwenye mji ambao yeye ni kivuli. Nililishona lile begi nikiwa na hasira na baba, hasira na kaka, hasira na aliyeuleta mpira duniani. Nilishona ovyo makusudi ili lichelewe kwisha.

Kwa hiyo wenzangu waliposhangilia timu inasonga mbele, mimi nilikuwa nashangilia zaidi ya wote, kwa sababu kila ushindi ulikuwa unambakiza kaka nyumbani. Tuliwatoa Nkololo. Tukaenda Lamadi juu ya lori la pamba, tumekalia marobota, tukiimba mpaka sauti zikakauka. Wavuvi wale walipiga mpira kwa nguvu, na upepo wa ziwa ukiwasaidia, lakini kaka alidaka kila kilichokuja. Tulirudi na ushindi na furushi la sangara mkavu, lori zima linanuka.

Sokoni watu wakaanza kumpongeza baba. Wanamwambia mzee, mwanao ana mikono ya sumaku. Baba anajibu kwamba mikono ile alimpa yeye, na kijana amekwenda kuitapanya kwenye mpira. Lakini nilimwona anachelewa kuondoka pale waliposimama wasifiaji.

Kisha ikatangazwa kwamba raundi inayofuata timu kubwa ya Mwanza inakuja kwetu, Bariadi. Mnunuzi wa pamba akataka uwanja ufurike, maana kila mguu uliokuja uwanjani ulikuwa pia mguu wa mkulima. Kamati ikakaa, ikaamua iite ngoma ya kushangilia. Hapo ndipo walipofanya kosa ambalo wasingelifanya watu wa kwingine kokote. Ukiwaita Wagalu peke yao, nusu ya mji haiji. Ukiwaita Wagika peke yao, ile nusu nyingine inabaki nyumbani inanuna. Wakawaita wote wawili. Wagika wakae nyuma ya goli la upande wa mnadani, Wagalu nyuma ya goli la upande wa barabara. Nilikwenda kuwaambia kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Wajumbe, Wasukuma watupu, watu waliozaliwa kwenye hizo ngoma, wakacheka, wakasema siku hiyo ni ya mpira, wote watashangilia timu moja. Gete, kweli kabisa, akili wakati mwingine hulala.

Baba alikubali mwaliko papo hapo. Nilifurahi nusu saa nzima, nikidhani anakwenda kumwona mwanawe. Kisha nikamsikia anawaambia vijana wake wachonge mipini mipya, maana manju wa Wagika anakuja na chatu.

Na kweli alikuja naye. Siku ya mechi watu walijaa mpaka juu ya matrekta, Mwanza wakaingia na jezi zao zinazong'aa, sisi na mitumba yetu ya kijani, filimbi ikapulizwa, na hapo hapo ngoma mbili zikaanza kugombana. Kipindi cha kwanza kaka alisimama goli la upande wa Wagika. Yule manju akamvisha chatu shingoni kijana wake, akazunguka naye karibu na kibendera cha kona. Watu wote wakakimbilia huko. Mwanza wakapata kona, winga wao akaenda kuiweka, akamwona chatu, akarudi anatembea upesi kwa heshima zote. Mwenzake naye akakataa. Ikabidi mwamuzi aende kumwomba manju asogeze nyoka wake, na manju akamjibu kwamba nyoka hajui mpaka wa uwanja.

Katika vurugu hiyo vijana wetu wakafunga bao upande wa pili. Uongo dhambi, sikuliona. Wajumbe wa kamati hawakuliona pia, walikuwa kwa chatu. Tuliona tu kijani wanakumbatiana, tukaulizana nani kafunga, na hadi leo wapo watu watatu wanaodai ni wao.

Kipindi cha pili timu zikabadilishana magoli, na kaka akaja kusimama mbele ya baba. Niliwahi kwenda nyuma ya nyavu, nikakaa pale nikiwaona wote wawili. Mmoja amenipa mgongo akiangalia mpira. Mwingine naye amempa mgongo mwanawe, njuga miguuni, anawaangalia watu. Mgongo kwa mgongo, na kati yao pangetosha kupita mkokoteni. Nilitamani niwakamate masikio wote wawili.

Baba alikuwa na deni la heshima siku hiyo, na alicheza kama mtu wa miaka ishirini. Majembe yalipaa, jua likayapiga, yakashuka kwenye mikono bila kosa. Akamwimba manju wa Wagika, akamwuliza kama chatu wake anajua kulima. Watu wakaangua kicheko, wakaanza kuhama. Walikuja makundi kwa makundi wakikata katikati ya uwanja, mwamuzi anapuliza hakuna anayesikia, hata wazee wa Wagika wenyewe wakaja wakijifanya wanatafuta maji. Upande wa mnadani chatu akabaki na mwenyewe. Nilimwona baba anatabasamu, na ni kweli nilifurahi kwa ajili yake, japo nilikuwa na hasira naye.

Basi dakika zimebaki chache, bao letu ni lile lile moja, beki wetu akamkwatua mshambuliaji wa Mwanza ndani ya eneo la hatari. Penati. Goli la kaka.

Sijui nani aligeuka kwanza. Nilisikia tu vigelegele vinakatika, kisha watu wote waliomzunguka baba wakageuza shingo, kisha miili, wakasogea wote hadi kwenye mstari wa goli. Wapiga ngoma wakageuka. Vijana wa majembe wakageuka. Baba alikuwa katikati ya ubeti, mdomo wazi, na mbele yake hapakuwa na mtu isipokuwa mimi. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akageuka nyuma kuona ni nani amemfanyia hivyo.

Akaona namba moja niliyoishona mwenyewe.

Mpira ulipigwa chini, kulia, kwa nguvu. Kaka hakuupangua. Aliruka akaudaka kwa mikono miwili, akaanguka nao kifuani, akainuka nao. Kelele iliyotoka pale niliihisi kwenye meno. Watu wakaruka, wakakumbatiana na wasiowajua, mtu mmoja wa Wagika akambusu mpiga ngoma wa Wagalu. Wachezaji wa Mwanza walikuwa wamemzunguka kaka wakisubiri auachie mpira, na kaka alikuwa anatafuta wa kumpigia.

Ndipo nikasikia njuga. Baba alikuwa ameweka jembe chini. Alipita kando ya nguzo ya goli, akaingia uwanjani na manyoya yake kichwani, polepole, akimwelekea kaka yangu. Watu wakampisha bila kuombwa, kwa sababu kila Msukuma pale alijua manju anakwenda kufanya nini. Alisimama mbele ya mwanawe, akainamisha kichwa.

"Mwadila, manju," alisema.

Kaka alimwangalia kama hakusikia. Kwetu kijana hamwitikii mzazi mikono ikiwa imebeba kitu. Unaweka chini, unainama, unatoa mikono yote miwili. Na kaka, mpira ukiwa haujaisha, filimbi haijapulizwa, goli liko wazi nyuma yake na Mwanza wamemzunguka, aliinama akauweka mpira chini kwenye vumbi. Kamati nzima ilipiga yowe. Nami nilipiga yowe, nakiri, nilisema jamani usiuache.

Mpira ulibingirika kidogo ukasimama miguuni mwa mshambuliaji wa Mwanza, yule yule aliyekwatuliwa. Angeugusa tu kwa kidole ungeingia. Aliuangalia, akawaangalia wale wawili. Kumbe naye alikuwa Msukuma. Aliweka mguu mmoja juu ya mpira, akashika kiuno, akasubiri.

"Mwadila, baba," kaka alisema, na mikono yake yote miwili ilikuwa ndani ya mikono ya baba. "Mwadila, baba. Mwadila."