Mtetemo Chini ya Kiti

Mume wangu aliniachia nyumba Ibighi, shamba la viazi Isongole, na pikapu ambayo watoto walitaka niiuze hata matanga hayajaisha. Sikuiuza. Leseni nilikuwa nayo tangu nilipokuwa mwalimu, na kwa miguu nisingefika shambani.

Shida ilikuwa njia ya shamba. Masika malori huchimba mifereji miwili, katikati hubaki tuta, na tumbo la gari lilikwaruza juu ya tuta hilo hadi meno yakaniuma. Msimu mmoja nilikwama mara tatu. Mara ya tatu nilikaa ndani tangu asubuhi hadi saa nane mchana, mvua ikinyesha, ukungu umefunika hata boneti, nikisubiri mtu yeyote apite. Wiki iliyofuata nilipeleka gari Mbeya likanyanyuliwa: springi mpya nyuma, vyuma vya kuongeza urefu mbele, shokapu ndefu. Lilirudi juu kiasi kwamba nilipanda kwa kushika mlango kwa mikono miwili.

Na lilirudi na mtetemo. Nikifika spidi sitini, chini ya kiti panaanza kutikisika, mtikisiko mzito unaopanda nyonga hadi mgongoni. Kwenye kioo cha ndani barabara moja ilionekana kama mbili.

Fundi wa kwanza alibalansi magurudumu. Halikupona. Wa pili alibadili raba za kushikia injini. Halikupona. Wa tatu alilizungusha mjini polepole, akashuka akacheka. "Mama, umezoea gari la chini. Hili la juu lazima ulione geni."

Nilirudi nyumbani nikakaa ndani ya gari bila kushuka. Mtetemo wa namna ile unataka watu wawili, mmoja aendeshe, mwingine asikilize unatoka wapi. Kwa miaka thelathini msikilizaji nilikuwa mimi. Mume wangu akiendesha, mimi nainamisha kichwa na kumwambia, "Ni huku nyuma, kulia." Sasa nilijaribu kusikiliza huku nimeshika usukani, macho barabarani, na nikawa sijui hata kama mtetemo uko kwenye gari au kwangu.

Jumapili moja, baada ya ibada, mzee mmoja wa kanisani alinifuata nilipokuwa nawasha gari. Alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha chai hadi alipostaafu, na kelele za mashine zilimwachia masikio yasiyosikia karibu lolote. Wakati wa kwaya huwa anaweka kiganja juu ya benchi ili aipate ngoma. Siku hiyo aliweka kiganja kwenye mlango wangu.

"Shikamoo, baba," nikamwambia kwa sauti kubwa.

"Marahaba, mwanangu. Gali hili mmelinyanyua?" Alisema gali, kama wazee wengi wa kwetu.

Nilimweleza, uso wangu umemwelekea ili asome midomo. Alizunguka upande wa pili, akafungua mlango, akapanda kwa taabu, akakaa.

Tulishika barabara ya Mbeya. Alivua kiatu kimoja, akaweka unyayo wazi sakafuni na kiganja juu ya boksi la gia. Hatukuweza kuongea, maana mimi natazama mbele na yeye hasikii. Lakini kulikuwa na mtu pale. Nilisikia anavyopumua. Sikuwa nimesikia pumzi ya mtu karibu yangu tangu mazishi.

"Panda kilima, kanyaga mafuta," alisema. Nikakanyaga, kiti kikatetemeka. "Achia." Nikaachia, pakatulia. Alinirudisha kilima kile mara nne. Kisha akaniambia nisimame pembeni.

"Taili halijui kama umekanyaga au umeachia. Lingetikisika muda wote. Hii ni shafti, chuma kile kirefu kinachozungusha magurudumu ya nyuma. Wamenyanyua gali, shafti imebaki imepinda pale inapoungana, inazunguka kwa shida."

Kesho yake alikuja kwangu na pima maji ya seremala. Nilimtafutia protrakta katika mkebe wa hesabu wa binti yangu, ambaye sasa ana watoto wake Mwanza. Mzee alilala chali juu ya gunia, chini ya gari, akapima jinsi shafti ilivyoinama. Mimi nilichuchumaa na kuandika namba alizozitaja, nikimpa spana.

Kwanza tulishusha beringi inayoshikilia shafti katikati, kwa vipande viwili vya bati nene. Mtetemo ukapungua, haukuisha. Kisha akachonga kabari mbili za chuma za kuweka kati ya springi na ekseli ya nyuma, ili difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli, ielekee shafti vizuri. Tulipotoka kujaribu, gari lilitikisika hadi kioo cha ndani kikageuka kutazama paa. Nikamtazama kwa hofu. Mzee alikuwa anacheka hadi machozi.

"Nimeziweka kinyume!"

Nami nikacheka. Ilinishangaza kuisikia sauti yangu mle ndani.

Tulizigeuza siku iliyofuata. Kwenye kilima kile kile nilipita spidi sitini, nikapita sabini, na chini ya kiti hapakuwa na kitu. Mzee aliinua kiganja chake, akavaa kiatu.

"Limepona," alisema.

"Ndaga fijo, baba," nilimshukuru, ingawa sijui kama alisoma midomo yangu, maana alikuwa anatazama mashamba ya chai.

Nilimfikisha nyumbani kwake. Nilitaka kumwambia aje twende wote Isongole kesho, lakini gari lilikuwa zima na sikujua nimwombe kwa sababu gani. Nikampa mkungu wa ndizi, akaingia ndani.

Jioni nilimpigia mwanangu wa Dodoma kumweleza. Alifurahi. "Basi sasa litapata mnunuzi mzuri, mama. Uje ukae na sisi." Nikamwambia nitafikiria, nikamuuliza habari za wajukuu.

Asubuhi nilipakia mbegu za viazi. Nilivuka tuta bila tumbo kugusa chini. Niligeuka kushoto kusema, "Umeona?" na maneno yakanitoka kabisa, kwa sauti, mbele ya kiti kilichokuwa na koti langu la mvua tu. Niliendesha hadi shambani. Niliposhusha gunia la mwisho nilisimama kidogo, mikono kiunoni, kisha nikachukua jembe na kuanza mstari wa kwanza.