Fundi Aliyejua Akanyamaza

Nilikuwa kwa fundi wa redio pale Bonga mzee mmoja mfugaji alipoleta amplifaya ya kanisa lao. Fundi akaichomeka kuijaribu, kisha akaichomoa ukutani, akafungua kifuniko.

"Mzee, nishikie hapa ndani. Umeme hakuna."

Mzee akashika, akarushwa nyuma, fimbo ikamtoka. Fundi akacheka hadi machozi. "Hiyo kapasita, mzee! Inatunza chaji hata ukichomoa."

Kumbe alijua! Alijua, akampa mzee wa watu ashike. Damu ilinichemka.

Mzee akaokota fimbo. "Kijana, nina ng'ombe mmoja anapiga teke. Mgeni akija, namwambia kabla hajamsogelea."

Redio yangu ilikuwa hapo mezani, ikisubiri zamu yake. Niliibeba, nikaondoka na mzee.