Dume la Mwisho la Pembe Nne

Ukitaka kumuudhi Baba Pembe, waite kondoo wake mbuzi. Ukitaka akupende, muulize ukoo wao. Babu yake mwenyewe hamjui hata jina, lakini kondoo atakutajia mama, bibi, mpaka jike lililokufa kabla yeye hajaoa. Na kujigamba sasa! "Pembe nne safi ni zangu tu. Nyie wengine mnafuga machotara."

Tusimnyime haki yake, walikuwa wazuri. Mwili rangi ya majivu, uso mweusi kama umepakwa masizi, pembe mbili zimesimama wima na mbili zimeshuka zikakumbatia mashavu. Majike sita na dume moja. Basi hilo dume likajipenyeza uani kwa jirani, likafakamia kunde zake mbichi mpaka tumbo likawa ngoma. Daktari wa mifugo alipofika, lilikuwa limeshalala miguu juu.

"Utapata lingine, baba," mkewe akamwambia.

"Wapi, mama watoto?"

Hapo ndipo penye kidonda. Kila dume alilowahi kumuuzia mtu, alilihasi kwanza, kwa koleo lake na mkono wake. Hakutaka mwingine awe na mbegu. "Nyama kuleni, mbegu niachieni mwenyewe!" Watu wakicheka, yeye anacheka kuwazidi.

Sasa akawa anapita nyumba hadi nyumba, anainamia nyuma ya kondoo aliowauzia watu kama aliyedondosha funguo. Wengi walishaliwa. Waliobaki aliwapapasa, hakuna kitu. Ikabaki kwa shemeji yake tu, kaka wa mkewe, fundi baiskeli.

Kufika, moyo ukamruka. Nyuma ya karakana dume la pembe nne, shingo nene kama gogo, linamfukuzia jike mdomo juu!

"Shemeji! Hilo linapanda?"

"Linapanda hata baiskeli ukiliegemeza vizuri."

"Nililihasi mimi hili?"

"Nani mwingine? Umesahau lilivyokupiga teke ukakalia matope? Lilikuwa limeshakomaa lile."

Alikumbuka. Lakini mtu aliyepigwa teke, mkono si unaweza kuteleza? Akapiga goti, akapeleka mkono chini ya tumbo. Akakuta vikorodani vimenyauka, vidogo kama maharage makavu. Akapapasa tena, polepole, kana kwamba vingeota akivibembeleza.

"Labda upande mmoja nilikosea."

"Wewe? Siku ile ulibana kila upande mara mbili. Ukasema hujakosea tangu uzaliwe." Fundi akaangua kicheko, halafu akauona uso wa mwenzake, akakikatisha. "Linapanda kwa mazoea tu, shemeji. Halijawahi kumpa mtu mimba."

Baba Pembe hakuinuka. Fundi akajifuta grisi, akaenda kufungua dume lake lingine, la kawaida, pembe mbili.

"Chukua hili. Majike yako yanazeeka. Yasiposhika safari hii, basi tena."

"Nikichukua hilo, watazaliwa kondoo tu."

"Kwani hao wako ni nini, mawaziri?"

Siku nyingine angemjibu mpaka fundi akimbilie ndani. Leo akapokea kamba.

Njiani mwenye duka akampigia kelele: "Baba Pembe! Mbili umezisahau wapi?" Akavuta kamba, akaongeza mwendo.

Nyumbani, majike sita yalinusa harufu ya dume yakajazana langoni, yanasukumana bila aibu. Mkewe akatoka, akaliangalia dume, akamwangalia mumewe.

"Usiliingize kama moyo hautaki."

"Moyo wangu ndio uliotufikisha hapa," akasema.

Akavuta komeo. Akalegeza kamba. Dume likapita likimgonga gotini, naye akageuka akatazama ukuta, huku nyuma yake kwato zikitimua vumbi.