Jioni Niliyotafsiri Sinema ya Mapenzi

Mimi ni mtu wa nyumbani. Mama alikuwa akiwaambia jirani zake kwamba mwanawe angezaliwa konokono asingeona tofauti yoyote, na wala hakunisingizia. Likizo ikifika, wenzangu wa sekondari walidandia malori kwenda Tunduma kuangalia Wazambia wakinunua vitu, wengine wakashinda Mlowo madukani. Mimi nilibaki kijijini kwetu Ruanda, nikatandaza kahawa ya baba kwenye mkeka, nikaigeuza, nikarudi ndani. Kwa hiyo ukisikia kwamba kijana wa namna hiyo aliwahi kutetemeka mbele ya kijiji kizima, utauliza alitokaje nje. Hakutoka. Alitolewa.

Kosa nililifanyia kanisani. Nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi binti aliyeimba sauti ya kwanza kwenye kwaya, na mimi nilimpenda kwa njia pekee niliyoiweza, yaani bila kumsemesha. Nilimwandikia barua. Vitabu vya nyimbo vya wanakwaya vilikaa kwenye benchi lao wiki nzima, na mtu aliyejitolea kufagia kanisa Jumamosi aliweza kuchomeka karatasi popote alipotaka. Nilijitolea kufagia. Mchungaji alinisifu.

Niliandika kwa herufi kubwa tupu ili mwandiko usijulikane, na sikuweka jina. Barua ya tatu ndiyo niliyoionea fahari. Ilisema: "Macho yako ni kama kahawa iliyoiva mtini. Ukianza kuimba wewe, hata mchungaji husahau alichotaka kutukataza."

Jumatatu yake, tukiwa tunakula, mama akasema kama anayezungumzia mvua, "Balozi ameokota barua kwenye kitabu cha nyimbo cha binti yake. Anatembea nayo kwenye koti."

Balozi wetu wa nyumba kumi ndiye aliyekuwa baba wa yule binti. Tena alikuwa mzee wa kanisa. Mtu mrefu, mwenye sauti ya chini, na kadiri alivyokasirika ndivyo sauti ilivyozidi kushuka.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema aliyeandika akiwa mkulima atalipa ng'ombe. Akiwa mwanafunzi, anaandikiwa mwalimu mkuu wake, na barua yenyewe inaambatanishwa. Mbona huli?"

Siku zile mwanafunzi aliyeripotiwa kwa mambo ya mapenzi alibebeshwa sanduku lake mchana kweupe, akarudi kwao kwa miguu. Nilikuwa kidato cha pili. Katika ukoo wetu wote hakuna aliyewahi kuvuka darasa la saba, na baba alikuwa na tabia ya kunitambulisha kwa watu kama mtu anayeonyesha baiskeli mpya. Nikanawa mikono.

Wiki ile ile likaja gari la sinema. Kwa kawaida lilituletea picha za kuchimba vyoo na kupanda mahindi kwa mistari, na mwishoni picha moja ya kuwafurahisha watu. Turubai jeupe lilifungwa kwenye ukuta wa shule, jenereta likawashwa nyuma ya choo cha walimu, na kijiji kizima kikaja na mablanketi, maana Juni kwetu ni baridi ya kukata masikio. Bwana wa sinema ndiye aliyekuwa akitafsiri kwa kipaza sauti. Jioni ile alikuwa amepigwa na baridi hiyo hiyo. Alimaliza vyoo, akamaliza mahindi, na sauti ikamwishia hapo.

Mwenyekiti wa kijiji akasimama. "Ndugu wananchi, picha inayofuata ni ya Kizungu kitupu. Lakini kijiji chetu kina msomi."

Nikainama nifunge kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

"Yule pale anajificha," akasema baba, na fahari tele usoni. Wakanisukuma mpaka mbele, wakanishikisha kile kidude cha baridi. Mstari wa kwanza, kwenye kiti alicholetewa kutoka darasani, alikaa balozi na koti lake. Pembeni yake binti yake. Nyuma yao mpiga gitaa wa kwaya, kijana wa mabega mapana aliyerudi kutoka Mbeya majuzi tu, na ambaye alikuwa na kila kitu nilichokosa, kuanzia gitaa.

Picha yenyewe ilikuwa ya vijana wa Ulaya. Kulikuwa na kijana mwembamba aliyetaka kuingia kwenye bendi ya wenzake, na msichana aliyeimba kwenye bendi hiyo, na kila alipomkaribia, kijana alianguka juu ya ngoma au akamwagia mtu chai. Kuanguka hakuhitaji mtafsiri. Watu walicheka, nami nikaanza kujiona mtu. "Anasema samahani," nikawaambia. "Anasema tena samahani." Kiingereza chao kilikuwa cha puani na cha haraka, siyo kile cha mwalimu wetu. Mengi sikuyashika, nikayatunga.

Kisha kijana akakaa kwenye ngazi, msichana akasimama dirishani juu yake, kijana akavuta gitaa akaanza kuimba. Nikasikia neno moja, nalo lilikuwa "wewe."

"Anaimbaje?" akauliza mtu gizani.

"Anaimba," nikasema.

"Tunaona kwamba anaimba. Anamwambia nini mtoto wa watu?"

"Msomi, usimalize mwenyewe huko. Tugawie."

Kicheko. Nikatazama turubai, midomo ya kijana ikaendelea, kichwa changu kikawa kitupu kama debe. Katika utupu ule kulikuwa na maneno ya mapenzi ya aina moja tu, maana ndiyo pekee niliyowahi kuyatunga maishani. Nikajisikia nikisema kwenye kipaza sauti, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani: "Anasema, macho yako ni kama kahawa iliyoiva mtini."

"Kumbe na wao wanalima kahawa!" akasema mama mmoja, akiwaonea huruma.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini aliyeshikwa na hofu mdomo wake huteremka kama baiskeli isiyo na breki. "Ukianza kuimba wewe, hata mchungaji husahau alichotaka kutukataza."

Watu wakaangua kicheko. Watu wawili hawakucheka. Binti aliziba mdomo kwa khanga. Balozi aliingiza mkono kwenye koti polepole, akatoa karatasi, akaielekeza kwenye mwanga wa mashine ya sinema, akaisoma. Sikumbuki picha iliishaje. Nasikia nilisema "samahani" mara nyingi.

Taa ya gari ilipowaka nilijifanya nakunja waya wa kipaza sauti. Nilikuwa bado nimesimama karibu na mashine balozi alipofika. Hakunitazama. Alimuuliza bwana wa sinema kwa sauti ya chini kabisa, "Picha hii imeshaonyeshwa Mbeya?"

Yule bwana, aliyekuwa hana sauti, akaitikia kwa kichwa.

"Basi mwizi wa maneno nimempata," akasema balozi, akageuka kumtazama mpiga gitaa.

Nilifika nyumbani nikiwa mwepesi kama unyoya. Nililala nusu saa hivi. Baada ya hapo nikaanza kumwona yule kijana akisimamishwa mbele ya wazee wa kanisa, akinyang'anywa gitaa, na ng'ombe wa mama yake, aliyekuwa mmoja tu, akiswagwa kwenda kwa balozi. Nilijaribu kujiambia kwamba ana mabega ya kubebea mambo hayo. Haikusaidia.

Asubuhi nikasikia kwamba wazee watakaa saa nne. Saa tatu nilikuwa uani kwa balozi. Nilikuwa nimetoka nyumbani mwenyewe, jambo ambalo mama alidhani ni dalili ya malaria.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, msomi. Jana ulitafsiri vizuri."

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Yote yalitoweka. Nikasema, "Mzee, Ulaya hawalimi kahawa."

Akaniangalia. Kuku mmoja akapita kati yetu, naye akaonekana ana haraka ya kuondoka. Balozi akatoa ile karatasi, akaisoma tena, akanitazama tena kuanzia ndala mpaka kichwani, na nikamwona akikubali kwa shida kwamba ng'ombe hapati.

"Wewe ndiye unayefagia kanisa," akasema.

"Ndiyo, mzee."

Kutoka jikoni sauti ya kwanza ya kwaya ikauliza, "Baba, kahawa iliyoiva mtini si nyekundu?"

"Nyekundu," akajibu baba yake bila kugeuka.

"Kwa hiyo macho yangu ni ya mlevi."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Miezi mitatu ya kutunga, na mkulima wa kahawa mimi, sikuwa nimelifikiria. Balozi akakunja uso, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba ana tatizo.

"Nikimwandikia mwalimu wako mkuu," akasema taratibu, "itabidi niiambatanishe hii. Ataisoma. Walimu wote wataisoma, kwamba binti wa balozi ana macho mekundu." Akaikunja karatasi mara nne. "Simwandikii. Lakini nenda kwa mpiga gitaa sasa hivi, kabla ya saa nne, umwambie kwa mdomo wako."

Nilimkuta anakaza nyuzi. Nilisimama mbali kidogo, upande wa njia, nikamweleza yote mpaka mwisho. Mkono wake ulibaki juu ya gitaa, nami nikahesabu hatua za kufika kwenye migomba.

"Watu waliamini," akasema hatimaye, na aliumia kweli, "kwamba mimi naweza kuandika kitu kibaya namna ile?"

Nikamwambia ndiyo, waliamini. Hapo ndipo alipoweka gitaa chini, nami nikakimbia.