Mama wa Golikipa

Mama mkwe wangu aliamini kwamba kuotea ni kosa la malezi. Mtu anawaacha wenzake nyuma wakihangaika, anajitanguliza peke yake karibu na goli, anasubiri apelekewe mpira kama bwana harusi anayesubiri chai: huyo, kwake yeye, alikuwa mtoto aliyedekezwa. Refa akipuliza filimbi, yeye husikitika kabisa. "Mama yake yuko wapi?" huuliza, na wanawake wa mtaa wetu wa Ng'ambo waliokaa naye kando ya uwanja huangua kicheko. Mimi niliolewa kwake nikiwa sijawahi hata kuugusa mpira. Mchezo ule nilijifunza kwake, na mpaka leo nikisikia redioni kwamba fulani ameotea, namhurumia mama yake.

Hiyo ilikuwa miaka michache baada ya vita kuu ya pili, Waingereza wakiwa bado wanatutawala. Nje kidogo ya mji wa Tabora palikuwa na chuo cha ualimu, na chuo kilikuwa na timu. Wanafunzi walitoka kila pembe ya Tanganyika, wengine walisafiri kwa lori na gari moshi hata wakasahau wanakotoka kuna milima au tambarare. Uwanja wao ulikuwa kando ya barabara ya zamani, ile waliyopita babu zetu na mizigo mabegani wakienda pwani. Walimu wa Kizungu na wake zao waliwekewa viti upande wa kivuli. Sisi watu wa Ng'ambo tulikuja na mikeka yetu na jua tukalikalia hivyo hivyo.

Wanawake wetu walikuwa na desturi ambayo sijaiona mahali pengine. Mwanzo wa mwaka, timu mpya ilipoingia uwanjani kwa mara ya kwanza, walichukua watoto. Ndivyo walivyosema wenyewe, kuchukua mtoto. Mmoja anaonyesha kidole, "Yule mwenye matege ni wangu," basi, kijana amekwisha kuwa wake mpaka amalize chuo. Tangu hapo atamfulia jezi, atamletea karanga na matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha ambavyo mgeni huvitafuna kwa adabu tu mpaka avizoee. Uwanjani atashangilia timu nzima, lakini kugomba atamgomba wa kwake peke yake. Kumsema mtoto wa mwenzako ilikuwa mwiko. Winga akipoteza mpira, macho yote humgeukia mama yake, na ni yeye anayesimama na kupaza sauti, "We! Umelala?" Yule kijana huona haya kweli kweli, nami nimewaona watu wazima wenye ndevu wakikimbia mara mbili zaidi kwa ajili ya kelele hiyo.

Siku moja nilimuuliza mama mkwe kwa nini wanajisumbua hivyo na vijana wasio na undugu nao. Alikuwa anachoma vitumbua, hakuinua uso.

"Baba yangu alikuwa mpagazi," alisema. "Alikwenda pwani na kurudi, mara nyingi. Huko Ugogo, huko Usagara, nani alimpikia? Akina mama wasiomjua hata jina. Sasa na mimi wamenifikia wa kwangu."

Hata nyimbo zao za kushangilia zilikuwa za wapagazi, zile za kuuona mji kwa mbali baada ya safari ndefu. Mama mkwe alianzisha, wenzake wakaitikia kwa Kinyamwezi, na hata yule mkuu wa chuo, Mzungu mkavu asiyecheka ovyo, niliwahi kumwona akigongesha kiatu chake chini kwa kuufuata wimbo.

Mtoto wa mama mkwe alikuwa golikipa. Alimchagua, nadhani, kwa sababu golikipa husimama peke yake. Alikuwa kijana mrefu kutoka Songea, mpole, mwenye mikono mipana, na kila Jumapili baada ya ibada alikuja kwetu kula. Aliingia akipiga goti, "Shikamoo, Mama," naye hujibu, "Marahaba, mwanangu," kwa sauti ambayo mimi nilidhani imewekwa kwa ajili ya mtu mmoja tu duniani.

Mtu huyo mmoja alikuwa mume wangu. Mama alizaa wengi, akabakiwa na yeye tu. Mume wangu alikuwa fayamani wa reli, mchochea moto wa gari moshi, na kwa muda mrefu kazi ilimweka Kigoma akaniacha mimi kwa mama yake. Katikati ya msimu ule akahamishiwa Tabora. Alifika Jumapili mchana, mabegi mkononi, akakuta kijana mrefu amekaa kwenye kiti chake anakula kuku.

"Huyu nani?" aliuliza.

"Mdogo wako," mama akajibu.

"Tangu lini?"

"Tangu Februari. Nawa mikono ule."

Mume wangu alikuwa mtu mwema, lakini alijaliwa kununa. Alinuna siku ile, akanuna wiki nzima, na alipoona kununa hakuleti matunda akajiunga na timu ya Reli akawa senta fowadi wao. Mpira aliujua hasa, siwezi kumnyima haki yake. Alikuwa na mguu wa kulia ambao ukiupiga mpira unasikia mlio wake kwanza, halafu ndipo unaanza kuutafuta ulipo.

Msimu ulikuwa unakwisha. Chuo kilibakiwa na mechi tatu, zote nyumbani, Jumamosi tatu zinazofuatana, na kombe la jimbo lilikuwa hapo hapo. Jumamosi ya kwanza ilikuja timu ya Kigoma. Golikipa wetu alidaka siku ile mipira ambayo mtu mwingine angeikimbia, na mama mkwe hakupata hata nafasi ya kumgomba. Aliishia kulalamika kwamba jezi imechafuka. Jumamosi ya pili walikuja vijana wa Nzega, wakubwa, wenye nguvu, wakatuchosha mpaka dakika za mwisho, tukatoka sare. Ikabaki ya tatu. Chuo kikishinda au kikitoka sare, kombe ni letu. Kikifungwa, linakwenda kwa wapinzani. Wapinzani wenyewe walikuwa Reli.

Ng'ambo nzima ilimgeuza mama mkwe wangu kuwa mchezo. Akienda kisimani wanamwita Mayu, yaani mama, wanamuuliza, "Mayu, Jumamosi utamshangilia aliyetoka tumboni au aliyetoka Songea?" Akipita kwa mafundi wa baiskeli, wanamwimbia. Yeye aliwajibu wote kwa matani, na matani yake yaliuma kuliko yao. Lakini nyumbani hapakuwa na matani. Jioni moja katikati ya wiki mume wangu aliweka kijiko chini.

"Mama, Jumamosi utakaa upande gani?"

"Pale ninapokaa siku zote."

"Hata mimi nikiwa nacheza?"

"Wewe una mama siku zote," alisema. "Yule ana mama Jumamosi tu."

Mume wangu akasimama. "Basi nitaomba wanirudishe Kigoma. Na safari hii mke wangu naondoka naye."

"Kigoma kuzuri," mama akajibu. "Kuna dagaa."

Alijibu hivyo bila kupepesa macho, nami karibu nicheke. Asubuhi yake lakini aliunguza vitumbua sufuria nzima, kitu ambacho hakijawahi kutokea, na alikuwa ameketi mbele yake anavitazama vinavyofuka moshi. Nilijua anachokiogopa. Alikuwa na mwana mmoja, na mwana huyo hakuwa mtu wa kutisha bure. Na mimi, niseme kweli, sikutaka kwenda Kigoma. Nilimpenda mume wangu kama inavyompasa mke, lakini yule mama nilimpenda kwa hiari yangu.

Bado hakubadili nia. Jumamosi alfajiri alivipaka mafuta viatu vya njumu vya mwanawe, akavipanga mlangoni, kisha akachukua mkeka wake. Mume wangu alivivaa akaondoka bila kunywa chai.

Asubuhi ile ilinyesha mvua ya kwanza ya mwaka. Sote tuliifurahia mpaka tulipouona uwanja. Mpira wa ngozi ukilowa huwa mzito, na huteleza kama kambale. Chuo kilitangulia kufunga, Reli wakasawazisha, na kipindi cha pili kikawa cha kusukumana kwenye tope, sisi tukiomba filimbi, maana sare ilitutosha. Mama mkwe aliimba mpaka sauti ikakwaruza. Kila mume wangu alipoupata mpira, mama alinyamaza, na mwanawe alipoupoteza, akaendelea pale alipoachia.

Karibu na mwisho mume wangu aliupata mpira mbali, mbali kabisa, na akaupiga. Golikipa aliuona. Alijiweka sawa, akaukumbatia kifuani kama mtoto mchanga, na mpira ukamponyoka katikati ya mikono, ukapita chini ya tumbo lake, ukavuka mstari polepole kiasi kwamba ungeweza kuusindikiza. Reli wakalipuka kwa furaha. Filimbi ya mwisho ikafuata, na kombe likaenda.

Ndipo mtu mmoja, fundi wa baiskeli ambaye tulimjua sote, akapiga kelele: "Ameachia! Anakula kwao huyu! Kila Jumapili anakula kwa mama yake senta fowadi!"

Sikuwahi kuliwaza hilo, na nadhani hata wengi waliokuwa pale hawakuwa wameliwaza. Lakini lilipokwisha kusemwa likawa na maana kwa kila mtu. Watu walianza kulisogelea goli. Wachezaji wenzake wakatazama pembeni. Yule kijana alikuwa bado ameketi kwenye tope kati ya milingoti, mikono yake mipana imefunika uso. Zilibaki wiki chache tu awe mwalimu, na sasa jina ambalo angeondoka nalo Tabora lilikuwa la mtu aliyeuza mechi.

Mama mkwe alipita katikati ya watu kwa viwiko. "Huyu ni wangu!" alisema. "Wa kumsema ni mimi peke yangu!"

"Na wewe ndiye uliyemlisha!" fundi akamjibu.

Mwanamke yule, aliyekuwa na jibu la kumpa kila mtu, alisimama mbele ya mtaa mzima akiwa hana neno. Niliumia. Natamani nisingemwona hivyo.

Mume wangu alikuwa amebebwa juu juu na watu wa Reli upande wa pili. Sijui ni nani aliyempasha habari, ila nilimwona akipiga mateke ili ashushwe, kisha akaja mbio, tope mpaka kwenye nyusi, amekasirika vibaya.

"Nani anasema ameniachia?"

Watu wakampisha.

"Bao langu lile? Mpira mzito kama jiwe la kusagia, nimeupiga kutoka kule, kule! Halafu mnasema nimepewa sadaka?"

Baadhi walicheka. Mimi mwenyewe nilicheka, kwa sababu nilimjua: hakuja kumwokoa mtu, alikuja kulitetea bao lake. Lakini fundi hakucheka. "Sisi tunachouliza ni kimoja," alisema. "Anakula kwenu, hali?"

Mume wangu alitaka kujibu, akasita. Aligeuka akamwona mama yake, kanga imemteleza begani, midomo imekauka. Kisha akamgeukia yule kijana kwenye tope, akamtazama, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumtazama sawasawa tangu amkute kwenye kiti chake.

"Anakula kwetu," alisema. "Ni mdogo wangu. Ulitaka akale kwa nani?"

Akaingia golini, akamshika mkono, akamvuta mpaka akasimama. "Inuka," alimwambia. "Mama anatungoja." Wakatoka wameshikana mikono, mwenye jezi ya Reli na mwenye jezi ya chuo, wakapita katikati ya watu wale wale, na watu wakafungua njia. Fundi naye alisogea.

Mimi na mama mkwe tuliwafuata na mikeka yetu mpaka barabara ya zamani. Mbele yetu mume wangu alikuwa ameshaanza kujidai, anamweleza mwenzake jinsi mpira wa mvua unavyodakwa, yeye ambaye hajawahi kudaka hata kuku. Kijana alikuwa anaitikia, "Ndiyo, kaka." Habari za Kigoma hazikusikika tena, si siku ile wala baadaye.

Nilipomgeukia mama nikaona analia, waziwazi, bila kujifuta.

"Usilie, Mama," nikamwambia. "Mwakani kombe litarudi."

Alinitazama kama mtu asiyeamini kwamba mwanawe alioa mjinga kiasi hiki.

"Nani analilia kombe?" alisema. Kisha akawatazama tena wale wawili mbele yetu, mikono yao bado imeshikana. "Nilizaa, mwanangu. Kumbe nilizaa."