Mbegu za Pilipili Kiunoni mwa Mama Mkwe

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka nacheka mpaka leo. Nilikuwa mke mpya hapa Ifakara, ninaishi nyumbani kwa mama mkwe wangu, Mama Apolonia. Asubuhi hiyo nilimkuta amechuchumaa jikoni ananusa bakuli. Ndani yake zilikuwamo mbegu za pilipili, zimeoza.

Nikueleze zilikuwa mbegu gani. Mama yake mzazi alishuka nazo kutoka Mahenge walipohamia bondeni. Ni pilipili mbuzi za njano, na ukipasua moja jikoni, mgeni aliyekaa barazani anauliza mnapika nini. Mwaka ule mto ulifurika, maji yakatuama bustanini mpaka miche yote ikafa. Zilibaki pilipili kavu chache alizokuwa amezifunga kwenye kitambaa na kuzitundika ukutani. Nusu ya mbegu zake ndizo hizo zilizooza. Nusu nyingine ikikataa, basi, uzao wa mama yake umekwisha.

Kosa lenyewe ni la kwetu kabisa. Hapa mtoto anakua akijua mpunga kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Mbegu ya mpunga unailoweka, unaivundika kwenye kiroba, inachipua bila kukuringia. Mama Apolonia akaifanyia pilipili yaleyale, akaiacha majini siku hadi siku ikaanza kuteleza na kunuka.

Mume wangu, Damasi, akaja na njia ya mkato. "Mama, pilipili zimejaa sokoni. Nikuletee kikapu kizima?"

"Za sokoni zinawasha tu, baba. Za mama yangu zinanukia," akamjibu. "Na kosa ni langu, nimezizamisha kama mpunga. Tuanze upya."

Mwanangu, hapo ndipo nilipoanza kumpenda yule mama. Mtu mzima kama yeye, mkwe mgeni anamtazama, angeweza kusingizia mbegu, au hata mimi niliyeosha bakuli. Hakumsingizia mtu. Alimwaga uozo, akanawa mikono, akaketi kufikiri.

Ilikuwa miezi ya baridi, na pilipili haipendi baridi hata kidogo. Basi mbegu zilizobaki akaziloweka usiku mmoja tu. Akazifunga kwenye kipande cha kanga kuukuu, kibichi lakini kimekamuliwa sawasawa, akakitia kwenye mfuko wa nailoni bila kuukaza mdomo ili hewa ipite. Kisha, usinicheke, akaufunga kiunoni chini ya kitenge, upate joto la mwili wake. Alipika nao, akaenda nao kanisani, akalala nao. Jirani mmoja alipomuuliza kama kiuno kinamuuma, alisema, "Hapana, nimembeba mama yangu."

Kila jioni alikifungua kile kitambaa, akakipepea kidogo, na kikikauka anakinyunyizia maji kwa ncha za vidole. Siku zikapita, hakuna kitu. Mimi moyoni nilishakata tamaa, nikimwonea huruma tu. Yeye anafunga tena kiunoni anasema, "Huyu si mpunga. Huyu anatoka akitaka mwenyewe."

Halafu Jumapili moja, tumetoka misa, akaniita kwa sauti kubwa kama kuna moto. Mbegu moja ilikuwa imetoa kimkia cheupe. Alilia, mwanangu, na mimi nikalia naye bila kujua vizuri nalia nini.

Zilipochipua nyingine tukazipanda kwenye makopo yaliyotobolewa chini, udongo laini uliochanganywa na pumba za mpunga zilizochomwa, tukazifukia juu juu tu. Miche ilipokua, nilidhani ataikumbatia. Wapi! Akaanza kuigawa, kwa jirani huyu, kwa mama wa nyumba ya pili, na mingine akaipeleka kwa treni mpaka Mlimba kwa mdogo wake.

"Mama, sisi je?" nikamuuliza.

"Ikikaa yote hapa, mto ukirudi unaibeba yote. Ikiwa kwa watu, tutakwenda kuomba."

Mama Apolonia alishafariki wakati mto uliporudi. Uliichukua bustani yangu, ukazichukua na za majirani. Nikapanda treni kwenda Mlimba, njia nzima naogopa kwamba labda na huko wamezichoka. Nilipofika kwa mdogo wake, nilikuwa bado mlangoni, hata shikamoo sijaimaliza, ile harufu ikanipokea kutoka jikoni.

Basi wewe uliyemwaga kopo lako juzi ukisema mbegu ni feki, nisikilize. Ipe joto. Ipe unyevu, usiipe mafuriko. Iache ipumue, na uisubiri kuliko unavyodhani inastahili. Ikikataa, jiulize kwanza umeifanyia nini, useme bila aibu kwamba umekosea, uanze tena. Na ikikubali, usiifungie uani kwako. Wape watu, hata wale usiowapenda sana, maana hujui ni mlango wa nani utakaokwenda kuubisha.

Mungu akupe mikono yenye subira, mwanangu. Na siku utakayopoteza ulichokipenda, akukutanishe na mtu uliyewahi kumgawia.